Bangi mwitu: mmea mrefu wenye ua la kutafuta kwa lenzi

Mkulima wa nyanda za juu za Kenya au Tanzania huutambua mmea huu kwa pua kabla ya macho. Wengi huuita bangi mwitu kwa sababu ya majani yake yaliyochanika, ila na bangi hauna udugu wowote. Ni wa familia ya alizeti, jina lake la kitaalamu ni Tagetes minuta, na asili yake ni Amerika Kusini. Peru wanauita huacatay. Kule Arequipa majani yake husagwa kutengeneza ocopa, mchuzi mzito wa kumwagia viazi.

Jina la Tagetes minuta uliupata mwaka 1753 kwa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Minuta ni Kilatini, maana yake "ndogo", na hapo ndipo wanafunzi wangu hupotea, kwani wanatafuta mmea mfupi ilhali huu hufika hata mita 2. Kilicho kidogo ni ua.

Tena hata hilo "ua" si ua moja. Kichume kimoja kati ya vile vimrija vya kijani vilivyosongamana kileleni, kina urefu wa sentimita moja hivi. Ganda lake ni vijani vitatu au vinne vilivyoungana ubavu kwa ubavu. Lichane kwa ukucha: ndani mna maua kamili machache, pengine sita au saba tu. Ya pembeni, ambayo hayazidi matatu, hutoa ulimi mfupi wa manjano hafifu. Ya katikati ni vineli vyembamba. Alizeti ina mpango huohuo, ila yenyewe hubeba maua mamia kwa mamia. Mimi huu ufupisho hunivutia kila mara.

Sasa geuza lenzi kwenye ganda. Utaona mistari na nukta za rangi ya kahawia au chungwa. Ni vitezi vya mafuta, na kwenye majani vimo pia. Ukilifikicha jani vinapasuka, ndiyo harufu ile. Mizizi nayo hutoa kemikali zinazoua minyoo fundo, vijidudu vya ardhini vinavyovimbisha mizizi ya mimea.

Kila ua likikomaa huacha tunda jeusi, jembamba kama sindano, lenye vichomo nchani. Hivyo ndivyo hung'ang'ania nguo na manyoya ya mifugo. Nikitoka shambani jioni, huwa nayang'oa kwenye soksi, moja baada ya jingine.