"Mimi si mlipakodi": dhana zinazotufunga midomo Kigoma

Kila tunapokaa na akina mama wa mwalo wa Kibirizi, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, kuzungumzia bajeti ya manispaa, hakosekani wa kusema: "Mwanangu, hayo ya kodi waachie wenye maduka ya Mwanga. Sisi tuna nini?" Maneno hayo nimeyasikia Ujiji, nimeyasikia Gungu, nimeyasikia mpaka Kasulu kwenye soko la maharage. Yananiuma. Kikundi chetu ni kidogo, na tunachodai ni kwamba kodi ipimwe kwa uwezo wa mtu na pesa ya umma ionekane ilikokwenda. Lakini mara nyingi tunakwama kabla hata hatujafika kwa diwani, kwa sababu ya mambo watu wanayoyaamini ambayo si kweli.

"Wanaolipa kodi ni waajiriwa na wenye maduka"

Tuanze na sabuni. Ukinunua sabuni na bidhaa nyingine za dukani kwa shilingi 3,540, humo ndani kuna shilingi 540 za kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT ya 18%. Maharage mabichi na dagaa waliotoka ziwani hawana kodi hiyo, lakini bati la kuezekea, soda na sukari vinayo. Vocha ya simu imebeba ushuru wa bidhaa pamoja na VAT juu yake. Ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, unakatwa VAT, 3% ya kupeleka umeme vijijini na 1% ya mdhibiti wa nishati.

Kwenye LUKU hiyohiyo imo kodi ya jengo. Ilianza kukatwa huko Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Wapangaji wengi hawajui kuwa kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, basi mpangaji analipia mali isiyo yake. Ukipanga, zungumza na mwenye nyumba akupunguzie kiasi hicho kwenye kodi ya pango. Mzee wa miaka 60 au zaidi ana msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ila lazima afuatilie, maana mita haijui umri wa mtu.

Sasa tazama mizani ilivyokaa. Mwajiriwa hakatwi kodi ya mshahara kwenye shilingi 270,000 za mwanzo kila mwezi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Sheria hizo zinapima uwezo, na ni jambo jema. Lakini mama yuleyule aliyesamehewa kodi ya mapato analipa 18% kwenye sabuni sawasawa na mkurugenzi. Kwa mkurugenzi ni chenji. Kwa mama mwenye faida ya shilingi 5,000 kwa siku ni sehemu ya mlo wa watoto. Ndiyo maana tunasema yeye ni mlipakodi, tena analipa kwa uzito kuliko wengi wanaojitangaza.

"Mnataka kodi zifutwe"

Hapana. Zahanati ya Buhigwe haijengwi kwa maombi. Mtu anayekubali kupunguziwa bei ili asipewe risiti anaidhoofisha hoja yetu, kwa sababu VAT aliyokwisha kuilipa inabaki mfukoni mwa muuzaji. Risiti tunaidai kwa nguvu ileile tunayodai haki.

"Mkulima ndiye anayelipa ushuru getini"

Shangazi yangu alisimamishwa na magunia sita ya maharage akiwa anayaleta mjini kwa mwanawe. Akaambiwa alipe, akalipa. Hakujua, na mimi wakati ule sikujua, kwamba mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula, na kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Magunia sita hayafiki tani. Juu ya hayo, sheria inamtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji, wala si mkulima. Ukitozwa, omba risiti ya mashine. Kisha ipeleke kwenye mkutano wa kijiji, usiishie kuisimulia kwenye kahawa.

"Kuhoji kodi ni uchochezi"

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Anayeuliza ushuru wa soko umefanya nini yuko ndani ya sheria. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2016 manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuwa za kwanza kuingia katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa, na safari ya manispaa yetu ikakatika. Nasikitika mpaka leo.

"Kelele za mnyonge hazifiki Dodoma"

Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika sokoni, redioni, misikitini, makanisani, na wengi wakarudi kutuma pesa kwa makondakta wa mabasi. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa 30%. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000. Mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma pesa kwa simu. Na wazee wetu wanakumbuka kodi ya kichwa: wanaume walilala porini wakimkimbia mgambo. Ilifutwa mwaka 2003.

"Halmashauri haina pesa yake, yote inatoka juu"

Inayo. Ushuru wa mwaloni, wa soko na wa mazao ni mapato ya ndani, na 10% yake kisheria ni mikopo isiyo na riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kubainika kasoro katika utoaji na urejeshaji wake, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo ushuru wa boti unaopotea Kibirizi bila risiti unapunguza mkopo wa kikundi cha mawese cha Gungu. Pesa ni ileile.

"Bajeti hupangwa Juni"

Hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi, na sisi wenyewe tulilifanya. Tulikuwa tunasubiri hotuba ya Waziri wa Fedha mwezi Juni, tunakusanyika kwenye redio, kisha tunaandika barua. Wakati huo mambo yameshakwisha. Vipaumbele vya mtaa na kijiji hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, vinapita kamati ya maendeleo ya kata, na baraza la madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Bunge hukaa kuanzia Aprili, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Mara ya kwanza nilipoingia kwenye kikao cha bajeti, tulikuwa watu saba kwenye viti vya nyuma, na wanne kati yetu walikuwa wamekuja kumsubiri mtu. Hakuna mama hata mmoja kutoka mwaloni. Makadirio ya ushuru wa dagaa yalisomwa, yakapitishwa, na kikao kikaendelea na jambo jingine.

Mwaka huu tumeanza kuzunguka Kibirizi na Katonga tangu Oktoba.