Gitaa la "Rock Box" halikuwekwa kwa ajili ya wazungu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alikuja studio kwangu na biti yake kwenye flashi, akataka niiwekee gitaa la roki. "Braza, nataka lile linalounguruma," akasema, huku anatikisa kichwa kama aliyepigwa shoti. Nikamwita mpiga solo mmoja mkongwe, mtu aliyezeekea kwenye bendi za dansi, tukafungua ampu hadi mwisho, tukarekodi. Usiku nilipokaa kuimiksi nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe. Dogo anachana mistari mizuri tu, lakini kinachosikika ni kama mtu anayegombana na mashine ya kusaga.

Kosa lilikuwa langu, na si mara ya kwanza. Kila nikikwama hapo huwa narudi kwenye wimbo uleule: "Rock Box" wa kundi la rap la Run-D.M.C., wa mwaka 1984, wenye gitaa la roki ambalo wengi hudai liliwekwa ili kuwavuta wazungu.

Ukiuliza watu rap na roki zilikutania wapi, wengi watakutajia "Walk This Way" ya mwaka 1986, kundi hilohilo wakiwa na bendi ya roki ya Aerosmith. Mimi hubisha. Kazi ngumu ilishafanyika miaka miwili nyuma, na aliyeifanya kwa sehemu kubwa ni mpiga besi ambaye jina lake leo halitajwi sana: Larry Smith.

Run-D.M.C. walitoka Hollis, mtaa wa Queens, New York. Joseph Simmons ndiye Run, Darryl McDaniels ndiye D.M.C., na nyuma ya santuri alikuwepo Jason Mizell, Jam Master Jay. Mwaka 1983 walitoa "It's Like That", na upande wa pili wa santuri ukawa na "Sucker M.C.'s": mashine ya ngoma, sauti za kuchana, na karibu basi. Kabla yao rap iliyorekodiwa mara nyingi ilikuwa inapigiwa na bendi ya studio, magita laini na besi ya kucheza. Hawa wakavua nguo zote wakabakiza mifupa. Larry Smith aliwatayarishia nyimbo hizo pamoja na Russell Simmons, kaka yake Run.

Sasa, ukishabakiza mifupa unapata kitu ambacho wengi hatukioni haraka: nafasi. Ndani ya nafasi hiyo, katika studio ya Greene Street kule Manhattan, Larry Smith akamwingiza Eddie Martinez, mpigaji wa kukodi ambaye baadaye utamsikia kwenye "Addicted to Love" ya Robert Palmer. Martinez akapiga gitaa juu ya gitaa, tabaka kwa tabaka.

Hapa niseme kidogo mambo ya ufundi, maana ndipo nilipoangukia mimi. Gitaa la roki hupata ule mkwaruzo kwa kusukumwa ampu kupita uwezo wake. Mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na yakikatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mpigaji hakuzipiga. Ndiyo maana noti mbili tu zinajaza chumba kizima. Tatizo ni kwamba nyingi hujazana hapo kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000 hivi, na humohumo ndimo sikio linapotafuta t, k na ch. Mwimbaji akizibwa hapo bado anayo irabu ya kuivuta, akavuta weee mpaka akasikika. Mchanaji hana pa kuvuta. Mali yake yote iko kwenye konsonanti.

Wazee wetu wa dansi walilimaliza jambo hili kwa adabu tu: solo hujizuia mwimbaji anapotoa ujumbe, linaachiwa kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza. Rap haina chemko. Maneno hayapumziki.

Sikiliza basi walivyofanya kwenye "Rock Box". Ngoma ni kubwa lakini chache; kila pigo linatua na kuacha uwazi. Run na D.M.C. hawazungumzi, wanapiga kelele kama watu walio ng'ambo mbili za barabara, na mmoja akifika mwisho wa mstari mwenzake anamdaka, wanalipiga lile neno la mwisho pamoja. Mwangwi mzito umewekwa kwenye sauti zao, ukawa unazirefusha kule ambako mchanaji wa kawaida angekatika. Gitaa linaingia kwenye mapengo, linang'ata, linatoka. Ukifumba macho utagundua gitaa ni mgeni aliyekaribishwa ndani, na wenye nyumba hawajampisha kiti.

Niliyafanya hayo kwenye wimbo wa dogo. Nilikata gitaa mahali anapochana, nikarudia kumrekodi na rafiki yake wa kumdaka mistari, nikapunguza nusu ya vitu kwenye biti. Ile mashine ya kusaga ikazimika.

Kuhusu mapokezi, iko hadithi moja inayorudiwa sana: kwamba gitaa liliwekwa ili wazungu wanunue. Kwa nje inaingia akilini. MTV, televisheni ya video za muziki, ilianza tarehe 1 Agosti 1981, na miaka yake ya mwanzo ilishutumiwa kwa kuwapa wasanii weusi nafasi finyu mno. Mwaka 1983 mwimbaji wa roki David Bowie aliwauliza waziwazi kwenye mahojiano ya hapohapo MTV kwa nini iko hivyo. Mwaka huohuo Michael Jackson akapenya na "Billie Jean", kisha "Beat It", yenye solo la mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen. Kwa msanii mweusi wa wakati ule gitaa la roki lilifanana sana na viza. Na kweli video ya "Rock Box" ikawa video ya kwanza ya rap kuchezwa mara kwa mara MTV. Ilipigwa ndani ya klabu ya Danceteria, inafunguliwa na mchekeshaji mzee Irwin Corey akiongea upuuzi kwa sauti ya kiprofesa, na kuna mtoto mdogo wa kizungu anayewafuatafuata. Ujumbe ulieleweka.

Lakini kuna jambo linaloivuruga hadithi hiyo. Kwa simulizi za kundi lenyewe, walitengeneza pia toleo lisilo na gitaa, wakiliwazia watu wa mtaani kwao, maana waliogopa kuonekana wameusaliti mtaa. Mtaa ukasikia yote mawili. Ukachagua lenye gitaa.

Ukiijua historia ya madisko ya New York hutashangaa. Madijei wa Bronx walikuwa wakikatakata santuri za roki tangu miaka ya 1970 kwa sababu ngoma zake zilikuwa nzito na zimesimama peke yake. Mwaka 1983 Run-D.M.C. wenyewe walirekodiwa jukwaani wakichana juu ya ngoma ya "The Big Beat" ya mwanaroki Billy Squier. Roki ilikuwa tayari ndani ya kreti la dijei. Larry Smith aliitoa kwenye kreti akamkabidhi mtu aipige mubashara.

Kwenye chati, "Rock Box" ilifika nafasi ya 22 katika orodha ya Billboard ya muziki wa weusi, na kwenye orodha kuu haikuingia kabisa. Kwa hiyo hao wazungu waliodaiwa kuwa ndio walengwa hawakukimbilia kununua singo. Albamu ndiyo iliyotembea: kufikia mwisho wa 1984 ikawa albamu ya kwanza ya rap kupewa dhahabu, yaani nakala 500,000. Mwaka uliofuata wakatoa "King of Rock", na kwenye video yake mlinzi wa makumbusho ya roki anawazuia mlangoni kwamba hapa si mahali penu. Wanapita. Mwaka 2009 jumba halisi la watukufu wa roki likawaingiza rasmi. Jay hakuwepo, aliuawa kwa risasi studio Queens mwaka 2002.

Na "Walk This Way"? Jay na wenzake walikuwa wakiijua kwa sekunde zake chache za mwanzo, zile ngoma tupu, wimbo wa nne kwenye albamu ya Aerosmith ya 1975. Hawakuwahi kuuacha ufike kwenye maneno. Prodyuza Rick Rubin ndiye aliyesema warudie wimbo mzima, na Run na D.M.C. walipopewa mashairi wayasikilize waliyachukia. Ulipotoka ukafika nafasi ya 4 Marekani, juu kuliko nafasi ya 10 waliyopata Aerosmith wenyewe. Redio za roki zikaupiga kwa sababu wimbo zilishaujua. Ni wimbo mzuri, sibishi hilo, lakini pale mgeni ndiye aliyekuja na nyumba yake mgongoni. Sifa zikaenda kwa Rubin na Aerosmith waliofufuka.

Larry Smith mwaka huohuo wa "Rock Box" aliwatayarishia Whodini, kundi jingine la rap, albamu ya "Escape", laini, ya vinanda, kama mtu mwingine kabisa. Mikono ileile! Alifariki mwaka 2014. Wapo maprodyuza ninaokaa nao kila siku ambao hawajawahi kulisikia jina lake, na wanatumia mbinu zake.

Dogo nilimchezea "Rock Box" mara tatu. Mara ya tatu akaniomba tutoe matoleo mawili ya wimbo wake, la gitaa na lisilo na gitaa, akayarushe kwenye grupu la maskani wapige kura. Jana alinipigia. Toleo lisilo na gitaa limepata kura moja, ya mama yake, ambaye hata sijui aliingiaje kwenye grupu.