Kabla gego halijang'olewa, tuzungumze kuhusu mfupa

Wagonjwa wengi wanaonijia hapa Mtwara na gego lililooza hadi kwenye fizi huwa wameshaamua: "Daktari, ling'oe tu nipumzike." Nawaelewa. Mtu hajalala kwa maumivu, pengine ametoka Newala au Tandahimba alfajiri. Hata hivyo, kabla ya kuchoma sindano ya ganzi huwa namuuliza: hilo pengo utaliziba na nini: kipandikizi (jino bandia linaloshikiliwa na mfupa wa taya), daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani), au meno ya kuvaa? Jibu lake hubadilisha namna nitakavyong'oa.

Mfupa unaoshikilia jino upo kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mwili huanza kuupunguza. Ndani ya mwaka mmoja, ukingo wa taya penye pengo unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya kwanza. Anayesema atarudi baada ya misimu miwili mitatu ya korosho, mfuko ukinona, mara nyingi hukuta taya limekonda, na sasa anahitaji kuongezewa mfupa kwanza kabla ya kuwekewa kipandikizi. Gharama inapanda, na safari za kwenda Dar es Salaam, ninakowaelekeza wengi wao, zinaongezeka.

Kwanza kabisa naangalia kama jino linaokoka. Mzizi ukiwa mzima, tunautibu na kulivisha jino kofia, yaani gamba gumu lenye umbo la jino. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu, au uozo umezama chini ya mfupa, basi hakuna namna. Hapo naling'oa taratibu, mzizi mmoja mmoja, kuta za mfupa zisivunjike.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya taya. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani kabisa, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Kushikamana huko ndiko tunakokusubiri: takriban miezi 3 taya la chini, na hadi 6 la juu, ambako mfupa ni laini. Ndipo kofia hufungwa juu yake. Eksrei ya awali ni ya lazima, kwa sababu chini unapita mshipa wa fahamu, na ukijeruhiwa mdomo unaweza kubaki na ganzi. Juu kuna uwazi wa hewa kandokando ya pua, nao skrubu isiutoboe.

Mvuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au mwenye fizi zinazotoa usaha, namwomba tuyashughulikie hayo kwanza. Kijana ambaye taya bado linakua asubiri. Asiye na uwezo asijione mnyonge: meno ya kuvaa yaliyotengenezwa vizuri yanatafuna ugali na samaki bila shida. Daraja ninalikwepa pale meno ya jirani yakiwa mazima, maana lazima yachongwe.

Kipandikizi hakiozi, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua kama kawaida, tena mara nyingi bila maumivu yoyote. Safisha kwa mswaki na uzi kila siku. Ukiona damu pale, hata kidogo, usisubiri kianze kutikisika. Kikishatikisika, mara nyingi hatuna la kufanya ila kukitoa.