Nani anashika pesa, nani anashika daftari: dhana potofu kuhusu msimamizi wa pensheni ya anayejiajiri

Fundi cherehani, mwenye duka la dawa, wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja na mwenye matatu mbili barabarani wanafanana kwa jambo moja: hakuna mwajiri atakayewachagulia mpango wa pensheni, wala karani atakayewakata mchango kabla mshahara haujafika mkononi. Nchini Kenya, mtu wa namna hii akitaka kujiwekea akiba ya uzeeni hujiunga na mpango binafsi wa pensheni, ambao unaongozwa na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 na kuangaliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo wengi huiita RBA. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na nilipoanza kuchanga nilikuwa nimebeba karibu dhana zote ninazozieleza hapa.

"Msimamizi ndiye anayekaa na pesa zangu"

Dhana hii ndiyo iliyozaa nyingine nyingi, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika mpango wa kawaida kuna pande nne, na sheria imezitenganisha makusudi. Wadhamini ndio wenye jukumu la mwisho. Wao huuendesha mpango kwa niaba ya wanachama na ndio wanaowateua wengine. Meneja wa uwekezaji huamua pesa ziwekwe kwenye hati za serikali, hisa, majengo au kwingineko, ndani ya viwango vilivyowekwa. Benki mtunzaji ndiyo inayoshikilia pesa na hati zenyewe. Msimamizi, ambaye ndiye unayempigia simu na ambaye nembo yake ndiyo unayoiona kwenye fomu, ni mshika daftari: husajili wanachama, huandika kila mchango kwenye jina la mwenyewe, hugawa faida iliyotangazwa, hutoa taarifa ya akaunti na hushughulikia malipo ya mafao. Mipango inayowekeza kila kitu katika mfuko wa dhamana wa kampuni ya bima ina utaratibu wake, kwa kuwa huko kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayobeba ahadi ya kwamba mtaji hautapungua.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza wakala aliyekujia kibandani na karatasi zake za rangi ni jina la benki mtunzaji na majina ya wadhamini, kabla hata ya kuuliza faida. Wakala anayejua kazi yake atayataja papo hapo. Akikuelekeza utume mchango kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa binamu yako, mazungumzo yaishie hapo.

"Kazi ya daftari ni ndogo, wote wanaifanya sawa"

Mtu aliyeajiriwa huchangiwa na mwajiri kwa orodha moja kila mwezi, na jina lake likikosewa kuna ofisi nzima ya kulifuatilia. Anayejiajiri hutuma mwenyewe kwa M-Pesa, leo 2,000, mwezi ujao 500, kisha miezi miwili kimya, kisha 10,000 baada ya mteja kulipa deni. Michango ya namna hii ndiyo inayopotea njiani kwa urahisi.

Yalinikuta. Kwa miezi minne mfululizo niliandika nambari ya kitambulisho mahali palipotakiwa nambari ya uanachama. Simu ililia kila mara kuthibitisha kwamba pesa zimefika, nami nikaridhika. Taarifa ya mwaka ilipokuja, miezi hiyo minne ilikuwa mitupu. Pesa hazikuibwa, zilikuwa zimekaa kwenye akaunti ya michango isiyotambulika, bila jina, na sikuwa nimepata faida yoyote juu yake. Ilinichukua wiki sita, jumbe zote za M-Pesa nilizokuwa nimezihifadhi na safari mbili hadi ofisini ili ziandikwe kwenye jina langu. Kosa la kwanza lilikuwa langu, nakiri. Hata hivyo msimamizi aliye makini angeona kwamba nambari ileile inaleta pesa kila tarehe tano, angeilinganisha na orodha ya vitambulisho alivyo navyo, na angenipigia simu mwezi wa kwanza.

Tangu hapo, kipimo changu cha msimamizi ni kidogo na cha kuchosha, lakini sijapata kilicho bora. Tuma mchango mdogo, kisha uhesabu siku hadi uonekane kwenye akaunti yako. Omba taarifa katikati ya mwaka bila sababu, uone itachukua muda gani. Badilisha nambari ya simu, uone kama wanakuuliza maswali ya kukuthibitisha au wanaibadilisha tu. Wakiibadilisha tu, ujue na mwingine anaweza kuibadilisha.

"Aliyetangaza faida kubwa mwaka jana ndiye wa kuchagua"

Faida hutokana na kazi ya meneja wa uwekezaji na hali ya soko, na mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Omba takwimu za miaka mitano au kumi, na usisitize upewe kiwango kilichobaki baada ya gharama, kwa maana hicho ndicho kinachoandikwa kwenye akaunti yako.

Gharama ndizo zinazoumiza kimyakimya. Chukua mtu anayechanga 3,000 kila mwezi kwa miaka 25, yaani 900,000 kutoka mfukoni mwake. Pesa zikikua kwa asilimia 9 kwa mwaka baada ya gharama, atakuwa na takriban milioni 3.36. Zikikua kwa asilimia 7.5, kwa sababu asilimia moja na nusu zaidi imeliwa na ada mbalimbali, atakuwa na takriban milioni 2.63. Tofauti inazidi 700,000, nayo haimo kwenye ukurasa wowote wa taarifa aliyopewa. Angalia pia umbo la ada yenyewe. Ada ya kiasi kimoja kwa kila mwanachama haimsumbui daktari anayeweka 30,000, lakini kwa mama mboga anayeweka 300 inaweza kumeza faida yote.

"Ana leseni ya RBA, basi pesa zina bima"

Leseni ni sharti la lazima, na orodha ya waliosajiliwa hutolewa na mamlaka yenyewe, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutoiangalia. Leseni humaanisha kwamba mtu huyo anakaguliwa na anaweza kuadhibiwa. Haimaanishi kwamba serikali itakulipa uwekezaji ukipata hasara. Ulinzi wa hadi shilingi 500,000 tunaousikia ni wa amana za benki, na pensheni haimo. Kinga ya kweli ya mchangiaji ni ule mgawanyo wa pande nne, pamoja na haki ya kulalamika kwa mamlaka na, ikibidi, mbele ya baraza la rufaa la mafao ya kustaafu.

"Kipato changu hakina mpangilio, pensheni si ya watu kama sisi"

Mpango wa pensheni uitwao Mbao ulipewa jina la mtaani la shilingi 20 kwa sababu wazo lake lilikuwa mchango wa shilingi 20 kwa siku kwa watu wa jua kali. Mpango binafsi mzuri hukuruhusu kupandisha, kushusha na kusimamisha mchango bila faini. Hilo ulisome kwenye kanuni za mpango, usiridhike na neno la wakala. Sacco nayo ni nzuri, nami ninayo, lakini akiba ya sacco ndiyo tunayoiweka rehani kila tunapokopa, na mtu anayekopa kila Januari kulipa karo hufika uzeeni akiwa bado analipa mikopo hiyo.

Kuna jambo la kodi ambalo wengi wetu huliacha mezani. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango kwenye mpango uliosajiliwa unaweza kuondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, kutoka 20,000 za awali, ilimradi usipite asilimia 30 ya kipato chako. Aliyeajiriwa hufanyiwa hesabu hiyo na mwajiri. Wewe utaidai mwenyewe kwenye ritani yako ya kodi kufikia tarehe 30 Juni, na utahitaji taarifa ya michango kutoka kwa msimamizi. Msimamizi anayeitoa mwezi wa Julai amekukosesha unafuu wa mwaka huo, au amekuachia kazi ya kurekebisha ritani.

"Nikifa, familia itafuata urithi mahakamani"

Sheria inasema kwamba mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango, wakiongozwa na fomu ya wateule aliyoijaza. Hii ni neema kwa familia isiyotaka kungoja kesi ya miaka mitatu, lakini ni balaa kwa aliyejaza fomu akiwa hajaoa, akaandika jina la kaka yake, kisha akasahau. Mwulize msimamizi akuonyeshe ni majina ya nani yaliyomo kwenye faili lako leo. Mimi nilipouliza, niliambiwa fomu yangu haina saini. Ilikuwa imekaa hivyo miaka saba, nayo nimeijaza upya mbele ya karani, nikadai nakala yenye mhuri na tarehe.