Joto la chumbani: kazi ya wasanifu na wasanii katika mabadiliko ya tabianchi

Mabadiliko ya tabianchi yakitajwa, wengi hufikiria mafuriko, ukame au barafu inayoyeyuka huko mbali. Mimi hufikiria chumba cha kulala. Mimi ni msanifu majengo, na utafiti wangu unahusu joto ndani ya nyumba za ukanda wetu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mara nyingi naulizwa, hata na watafiti wa fani nyingine, wasanifu, wabunifu na wasanii wana lipi la kuongeza kwenye jambo ambalo wataalamu wa hali ya hewa wamekwisha kulipima na kulieleza.

Mtaalamu wa hali ya hewa anaweza kutuambia hewa ya nje itafika nyuzi ngapi. Mtoto atalala kwenye nyuzi ngapi ni suala jingine, maana hilo huamuliwa na paa, ukuta, dirisha na mahali kitanda kilipowekwa. Kati ya hewa ya nje na ngozi ya mtu kuna nyumba, na nyumba ni kitu kinachobuniwa. Ikibuniwa vibaya, inaliongezea joto la nje joto lake yenyewe.

Chukua nyumba ya kawaida ya kijijini kwetu. Kuta ni za miti na fito zilizokandikwa udongo, paa ni la bati, madirisha ni madogo kwa sababu ya wezi. Kati ya ukuta na paa kuna mwanya, na mbu wa malaria huupenda sana mwanya huo, maana akifuata harufu ya binadamu na kugonga ukuta, hupanda juu hadi apate upenyo. Mchana bati linachomwa na jua na kumimina joto chini, udongo unalinyonya, na usiku ukuta unaanza kulirudisha. Ndiyo maana saa nne usiku uani pamepoa na ndani bado panafukuta. Watu wanabaki nje kwenye mikeka hadi usiku mwingi, wakati mbu wanauma. Wakiingia ndani, chandarua kinakuwa adhabu kwa sababu kinazuia hata ule upepo kidogo uliopo, na wengi wanakifunua. Daktari anaona malaria, mimi naona paa. Usiku ukizidi kuwa wa joto mwaka hadi mwaka, mambo haya mawili yanazidi kufungamana.

Utafiti ulionishawishi kuliko wote ulifanyika katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza. Wasanifu majengo kutoka Denmark, wakishirikiana na watafiti wa afya, walijenga nyumba sita za mfano, nyingine za chini tu, zisizo na ghorofa, na nyingine zenye chumba cha kulala juu. Walichukua mawazo kutoka nyumba za Kusini Mashariki mwa Asia, ambako hali ya hewa ni ya joto na unyevu kama yetu. Kuta zikawa nyepesi: mianzi, mbao, au wavu wa kivuli, ule ambao wakulima hufunika vitalu vya miche. Familia zikahamia, na nyumba zikapimwa pamoja na nyumba za kawaida za jirani. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Katika nyumba zenye vyumba vya kulala juu, joto la ndani lilikuwa chini kwa nyuzi 2.3, na mbu walipungua kwa asilimia 96. Hata nyumba mpya zisizo na vyumba vya juu ziliwapunguza mbu kwa asilimia 77.

Nyuzi 2.3 zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwa mtu aliyelala kwenye unyevu wa pwani mwezi Februari, ambako jasho halikauki, ndizo zinazoamua kama atavumilia chandarua mpaka alfajiri.

Mambo matatu yalifanya kazi kwa pamoja. Ukuta mwepesi hauhifadhi joto, kwa hiyo jua likizama nyumba inapoa karibu sawa na hewa ya nje. Ukuta unaopitisha hewa unaondoa pia hewa ukaa tunayoitoa kwa kupumua, ambayo ndiyo inayomwongoza mbu kwa aliyelala. Na chumba kikiwa juu, mbu wengi hawakifikii, maana aina wanaoeneza malaria huruka karibu na ardhi. Jambo hili la mwisho lilikuja kuchunguzwa Gambia kwa vibanda vya majaribio vilivyoweza kuinuliwa na kushushwa. Kibanda kilipofika mita tatu juu, mbu walioingia walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu waliosimamisha vibanda kwenye nguzo na kubadilisha kimo chake walikuwa wanauliza swali kwa mbao na misumari. Huo ndio utafiti kwa njia ya ubunifu: unajenga kitu ili ujue, kisha unakaa nacho hadi kikujibu.

Magoda ilizaa mradi mkubwa zaidi mkoani Mtwara, unaojulikana kama Star Homes. Zilijengwa nyumba 110 zilizotawanyika katika vijiji vingi, na familia zilizozipata zilichaguliwa kwa bahati nasibu, ili ulinganisho na majirani uwe wa haki kama unavyofanyika kwa dawa. Waliuongoza watafiti wa usanifu kutoka chuo cha kifalme cha Denmark pamoja na wa afya, akiwemo Mtanzania Salum Mshamu. Kila nyumba ina vyumba vya kulala ghorofani, milango inayojifunga yenyewe, jiko linalotoa moshi nje, tangi la maji ya mvua na choo kisichoingiza nzi. Fremu ni ya chuma chembamba, hivyo zege na tofali za saruji zinazotumika ni chache.

Hapo kwenye saruji ndipo ubunifu unapogusa upande wa pili wa tatizo, yaani chanzo chake. Utengenezaji wa saruji unachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye makaa ya tanuri. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe, ambalo likichomwa huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo kwa mamilioni ya miaka. Tanuri lingeweza kuwashwa kwa jua na bado jiwe lingetoa hewa hiyo. Kwa hiyo kila msanifu anayechora ukuta mwembamba zaidi, au nguzo chache zaidi, anapunguza kitu ambacho nishati safi peke yake haiwezi kukipunguza. Bara letu lina nyumba nyingi mno za kujenga katika miongo ijayo, na mimi sioni uamuzi mzito wa tabianchi kuliko huu wa nyumba hizo zitakuwa za nini.

Huwa naulizwa kwa nini tusirudi kwenye ujenzi wa wazee. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni somo kubwa, na napeleka wanafunzi huko kila nipatapo nafasi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, vichochoro vinavyopeana kivuli, baraza zinazoikaribisha hewa. Hata hivyo, matumbawe na mikoko ndivyo vinavyoukinga ufuo wetu na mawimbi, na mikoko huhifadhi kaboni nyingi mno kwenye matope yake. Hatuwezi kuvikata tena ili tupate nyumba zenye baridi. Tunachoweza kuchukua ni akili ya nyumba zile: kivuli kwanza, upepo wa pili, ukuta baadaye.

Wala jibu la mahali pamoja halihamishwi kama mzigo. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za matofali ya udongo, dari ya udongo yenye matundu, na bati lililoinuliwa juu kabisa ili upepo upite kati ya bati na dari. Diébédo Francis Kéré aliyeibuni akaja kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Naipenda kazi ile kwa moyo wote. Lakini huko ni kukavu, usiku unapoa sana, na udongo mnene unapata nafasi ya kutoa joto lake. Pwani kwetu usiku haupoi kiasi hicho, na ukuta mnene unaamka ukiwa bado na joto la jana. Kutoka Gando nachukua lile paa lililoinuliwa, ule ukuta nauacha.

Na sanaa je? Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walipanga vipande 12 vya barafu kutoka Greenland mbele ya jengo la Panthéon, kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Wapita njia waliigusa ikiyeyuka. Mkono uliogusa baridi ile ulielewa kitu ambacho grafu haikuwa imeufikishia. Kwa watu wa Paris ilikuwa kazi sahihi. Kwetu sisi hakuna anayehitaji kukumbushwa kwamba kuna joto. Kinachokosekana ni kuliona linatoka wapi, na hapo picha ina nguvu. Nimewahi kubandika picha ya kamera ya joto kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: chumba kimoja, bati likiwaka jekundu na manjano, kitanda chini yake kikiwa rangi ya machungwa. Mjadala uliofuata ulihusu dari, bei ya mbao na nani ana ngazi. Hakuna aliyehitaji mhadhara.

Chombo changu kikuu ni penseli. Tunakaa barazani, natandika karatasi kubwa, nachora nyumba, na kila mtu anaonyesha anakaa wapi asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku. Siku moja bibi mwenye nyumba aliutazama mchoro kitambo, akaniuliza, "Mwanangu, na mwembe mbona huuchori?" Nikamwambia, "Bibi, nachora nyumba." Akanijibu, "Basi chora mwembe. Mchana hatuishi humo ndani." Akachukua penseli, akazungushia kivuli chake duara, akaweka alama mahali pa kinu, mahali pa wajukuu, mahali mgeni anapowekewa kigoda. Kipimajoto changu kilikuwa kimetundikwa sebuleni, ambamo hapakuwa na mtu kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Tangu hapo kila mchoro wa nyumba ninaofanya unaanza na miti, na vipimo vinafuata watu walipo.

Panaponiumiza kichwa sasa ni mjini. Vile vyumba vya kupanga, vimejipanga pande mbili za ushoroba, kila kimoja na dirisha moja, familia nzima ndani. Nyumba ya wavu yenye ghorofa, kama zile za Magoda, haiwezi kujengwa hapo: hakuna kiwanja, kuna wezi, kuna vumbi la barabara, na mwenye nyumba ndiye anayelipa fundi ilhali mpangaji ndiye anayetoka jasho. Tunachojaribu ni vitu vidogo vinavyoweza kuongezwa kwenye nyumba iliyokwisha simama: bati lililopakwa rangi nyeupe, dari iliyopigwa kwa nafasi ya kutosha chini ya bati, na uwazi wenye wavu juu ya mlango unaoelekea ushorobani, ili hewa inayoingia dirishani ipate pa kutokea. Uwazi wa juu ya mlango si jambo geni, nyumba za zamani za pwani zilikuwa nao.

Kama unajenga mwaka huu, zungumza na fundi kabla hajapiga bati. Mwambie aache matundu kwenye zile pembetatu za ukuta chini ya paa, pande zote mbili, yanayotazamana, ayazibe kwa wavu wa mbu, na dari ipigwe chini ya hapo. Ukiweza kuchagua upande, fuata upepo wa kaskazi badala ya ule wa kusi, kwa sababu miezi ya kaskazi ndiyo yenye joto kali na upepo wake ni haba kuliko wa kusi. Dari iwekwe mlango mdogo wa kupanda juu. Popo na vumbi huziba wavu, na wavu ulioziba haupitishi chochote.