Kapasita za utando wa plastiki zinazohimili joto kali ni nini?

Betri ya gari la umeme hutoa mkondo mnyoofu, lakini mota ya gari hilo kwa kawaida hutaka mkondo geu. Inveta ndiyo inayobadilisha, na ndani yake transista, yaani swichi za kielektroniki, huwaka na kuzimika mara 10,000 hivi kila sekunde. Kila zinapowaka hunyakua umeme ghafla. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, hukaa kati ya transista hizo na betri, ikitoa umeme huo papo hapo na kuupokea unaporudi ili volti zisiyumbe.

Ukiipasua kapasita utakuta utando wa polipropilini, aina ya plastiki, wenye unene wa maikromita 2 au 3 tu, umepakwa alumini au zinki, kisha ukaviringishwa kama mkeka. Umeme ukitoboa mahali dhaifu, metali iliyozunguka tundu huungua na kutoweka, tundu likabaki limetengwa, na kapasita ikaendelea na kazi. Ni ufundi wa ajabu.

Shida ni joto. Polipropilini ina kikomo cha nyuzi 105 hivi za Selsiasi, na ikishapita 85 lazima ipunguziwe volti. Transista za silikoni kabaidi, kama zile ambazo Tesla iliweka kwenye Model 3, zinaweza kufika nyuzi 175. Kwa hiyo inveta nzima hupozwa kwa kumfuata aliye dhaifu, yaani kapasita, na gari hubeba uzito wa mabomba na pampu kwa ajili yake.

Si kuna plastiki ngumu zaidi? Zipo. Poliimidi huvumilia hata nyuzi 300. Lakini kutoyeyuka ni jambo moja, na kuzuia umeme katika joto hilo ni jambo jingine kabisa; wengi huchanganya haya mawili. Pete za kaboni zinazoipa poliimidi uimara ndizo hizo hizo zinazowafungulia elektroni njia, volti na joto vinapopanda pamoja. Umeme unaovuja huzaa joto, joto huzidisha uvujaji, hatimaye utando hutoboka. Tena plastiki zenye kaboni nyingi zikiungua huacha masizi, nayo masizi hupitisha umeme, hivyo tundu halijitengi tena.

Mwaka 2015 kundi la Qing Wang, Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, lilionyesha njia nyingine: polima (plastiki) ambayo molekuli zake zimefungamanishwa, ikachanganywa na vipande vyembamba mno vya boroni naitraidi, mchanganyiko wa kikemia wa boroni na nitrojeni. Vipande hivyo huzuia elektroni na husaidia kutawanya joto. Utando huo ulifanya kazi hadi nyuzi 250.

Kazi kubwa imebaki kiwandani. Polipropilini huyeyushwa na kuvutwa pande mbili, ukatoka utando mrefu, safi, wa bei nafuu. Tando mpya nyingi hutengenezwa kwa kuyeyusha polima ndani ya kemikali na kuikausha, njia ya polepole na ya gharama. Na ukisoma kwamba utando fulani unahimili nyuzi 150, tafuta kwanza unavuja kiasi gani ukiwa na volti kamili kwenye joto hilo.