Mtoto Amelala, Ubongo Unadurusu: Maswali na Majibu Kuhusu Kumbukumbu

Swali: Tunakaa Ngamiani, Tanga. Binti yangu wa miaka 11 huhifadhi sura chuoni jioni na kunisomea bila kukosea. Lakini akikesha na madaftari ya shule, asubuhi aya za mwisho zimemtoka kichwani. Je, ni uvivu?

Jibu: Si uvivu, mama, na nakuomba usimkaripie. Sura hiyo ilikuwa bado haijakaa. Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, mna sehemu iitwayo hipokampasi, iliyopewa jina la farasi-bahari kwa umbo lake. Aya inaposomwa, kundi la seli za neva huamka pamoja, na sinapsi zao, yaani mahali seli moja inapoipokeza nyingine ujumbe, huanza kuimarika. Kuimarika huko kulielezwa na wanasayansi Tim Bliss na Terje Lømo mwaka 1973, baada ya kuchunguza sungura.

Swali: Usingizi unahusikaje?

Jibu: Unahusika sana. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi zilizoamka pamoja panya alipokuwa akitembea ziliamka pamoja tena alipolala. Baadaye ilibainika kwamba hata mpangilio wa safari hurudiwa, tena kwa kasi, hivi kwamba mwendo wa sekunde kadhaa hupita kwa kitambo kidogo cha sekunde moja. Watoto wa chuoni wana neno lake: kudurusu. Katika usingizi mzito hipokampasi hudurusu na gamba la nje la ubongo, mara nyingi, hadi gamba lenyewe liweze kuishika habari hiyo.

Swali: Na sehemu hiyo ikiondolewa?

Jibu: Mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka, ila matukio mapya hayakukaa tena.

Swali: Nimsaidieje?

Jibu: Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Ikiwa huamka saa 11 alfajiri, basi saa 2 usiku, mara baada ya Isha, awe kitandani, na madaftari yamalizwe kabla ya Magharibi. Asubuhi akusomee tena sura ile. Akilala vya kutosha na bado anasahau, au akizubaa ghafla asisikie anapoitwa, mpeleke hospitali achunguzwe.